Poda ya Chini ya Macho: Gramu Tano Zinatosha

Desemba ikifika, Mulot na vijiji vyake hujaa harusi na koito, zile sherehe zetu za posa, na wauza vipodozi wanalijua hilo kuliko sisi. Bonasi ya majani chai imeshaingia mifukoni tangu Oktoba, shule zimefungwa, watu wamerudi kutoka Nairobi na Nakuru, na maduka ya urembo kando ya barabara ya Narok kwenda Bomet yamepanga mikebe ya poda dirishani. Wakati huo huo kiangazi kimeanza kuuma. Mulot si Kericho. Kule juu kwenye chai mvua haikauki mlangoni. Huku chini, mpakani mwa Bomet na Narok, tuko kwenye mahindi na ng'ombe, na jua la Januari likishirikiana na vumbi hupasua midomo kabla ya saa nne asubuhi. Ngozi ya chini ya macho huwa ya kwanza kulalamika, maana ni nyembamba kuliko sehemu nyingine za uso na tezi zake za mafuta ni chache.

Poda imewekwa duniani kuishika konsila isiteleze na kujikusanya kwenye mikunjo, na njia yake ni kunyonya mafuta. Mwenye uso wa mafuta ataisifu. Mwenye ngozi kavu, poda ikikosa mafuta huivamia krimu aliyojipaka asubuhi, na kabla ibada haijaisha macho yameshazeeka. Kwa hiyo ukiingia dukani usiulize poda ipi ni kali zaidi. Uliza ipi inanyonya kidogo, na uhesabu unailipia shilingi ngapi kwa gramu.

Hesabu hiyo ya gramu ndiyo inayotupita wengi. Poda ya HD Pro ya L.A. Girl huja gramu 5 tu, ingawa mkebe wake unaonekana mkubwa. Poda ya unga ya Fit Me ya Maybelline ni gramu 20. Ile ya Laura Mercier, ambayo wapambaji maharusi huitaja kwa heshima, ni gramu 29, na Marekani kwenyewe hupita dola 45 kabla haijapanda ndege. Fenty Beauty, iliyoingia rasmi Kenya Mei 2022, ina mkebe wa gramu 28. Tuseme mkebe wa gramu 5 unauzwa shilingi 1,000 na wa gramu 29 shilingi 6,500. Kwa gramu moja, wa kwanza ni shilingi 200 na wa pili shilingi 224. Tofauti ni ndogo kuliko ulivyodhani! Na ukipata mkebe wa gramu 20 kwa shilingi 1,800, gramu imeshuka hadi shilingi 90.

Ila usikimbilie kununua mkebe mkubwa eti ni nafuu. Geuza mkebe uangalie mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa kifuniko, ndani yake pameandikwa 12M au 24M. Hiyo ni miezi ambayo bidhaa inafaa kutumika baada ya kufunguliwa. Mtu anayejipamba Jumapili na siku za sherehe, akigusa chini ya macho tu, kwa makadirio hatumii zaidi ya sehemu moja ya kumi ya gramu kwa mara moja. Jumapili 52 kwa mwaka, hizo ni gramu 5 na ushee. Mwenye mkebe wa gramu 29 atakuwa bado ana zaidi ya nusu wakati muda wake umekwisha, labda awagawie dada zake wote. Mkebe mkubwa ni wa mpambaji anayeshughulikia maharusi watatu kwa wiki.

Tuje kwenye kilichomo. Soma majina ya kwanza ya orodha nyuma ya mkebe, kwa sababu huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Ukikuta silika ndiyo ya kwanza, rudisha. Silika hunyonya mafuta na maji kwa pupa, na poda nyeupe za aina hiyo zikipigwa picha kwa flashi usiku hukuacha na miduara myeupe chini ya macho, kwenye albamu ambayo wakwe watakuwa wakiifungua miaka yote. Wanga wa mahindi nao hunyonya unyevu, na ukikutana na jasho au machozi, na kwenye koito machozi hayakosekani, huganda. Zilizo laini kwa ngozi kavu ni zile zenye talki iliyosagwa sana au maika, hasa zikiwa zimeongezewa mafuta kidogo au dimethikoni. Ndiyo maana poda ya kushindiliwa, ile ya kibweta chenye kioo, mara nyingi huifaa ngozi kavu kuliko ya unga: ili ishikamane huhitaji kitu cha kuifunga, na aghalabu kitu hicho ni cha mafuta mafuta. Wauzaji hawatakwambia, kwa kuwa poda ya unga ndiyo inayosifiwa mitandaoni.

Talki ina mjadala wake. Johnson & Johnson iliacha kuuza poda ya watoto yenye talki Marekani na Kanada mwaka 2020, na kwingine duniani mwaka 2023, ikahamia wanga wa mahindi. Mwaka 2024 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani. Anayetaka kuikwepa atafute yenye maika. Anayeendelea nayo asiipulize wala kuipiga vumbi karibu na pua. Na poda ya mtoto, hata iwe ya bei ya kutupwa, iacheni ibaki ya mtoto: haina rangi ya mtu mzima yeyote wa hapa.

Kuhusu rangi, kuna chapa za nyumbani za kutazamwa kwanza. SuzieBeauty ya Suzie Wokabi na Pauline Cosmetics ya Nelly Tuikong zilianzishwa na Wakenya walioona wanawake wetu hawapati rangi yao dukani. Jaribu poda kwenye mwanga wa mlangoni, si chini ya taa. Paka tone la losheni nyuma ya mkono, gusia poda, kunja ngumi ukunjue, kisha nenda ukanunue sukari na mkate. Ukirudi, tazama mistari ya ngozi. Ikiwa poda imejipanga humo kama chokaa, umeshapata jibu bila kulipa.

Kuna pia poda za kupimiwa, zinazochotwa kwenye mkebe mkubwa na kutiwa katika kijikopo kwa pesa kidogo. Ninaelewa mvuto wake, lakini karibu na jicho sizikubali. Hazina orodha, hazina tarehe, na hujui kijiko kilipita wapi. Jina la Mulot limeshachafuliwa vya kutosha na habari za matapeli wa simu; kwenye vipodozi wanaotapeliwa ni sisi wanunuzi. Bidhaa iliyotengenezwa Kenya ikiwa na alama ya ubora ya KEBS, tuma neno SM# likifuatwa na namba ya kibali kwenda 20023, upate jibu hapo hapo dukani. Ukiagiza mzigo kutoka maduka ya jumla ya Dubois, Nairobi, ongeza nauli ya matatu kwenye hesabu yako ya gramu.

Pesa iliyobaki itumie kwenye kile kinachotangulia poda. Vaseline, au hata Arimis, yale mafuta ya kukamulia ambayo nyumba nyingi za huku zinayo, huzuia unyevu usitoroke. Kiasi cha punje ya mtama kwa kila jicho, subiri dakika kumi, futa kinachong'aa, ndipo konsila. Ukizidisha, konsila itateleza na utalazimika kuongeza poda.

Kama ngozi inawasha, imevimba au inatoka magamba hata siku usizojipaka kitu, usinunue poda yoyote. Nenda ukaonekane, hospitali ya rufaa ya kaunti iko Longisa, si mbali.

Kwa aliye mzima, uamuzi wangu ni huu: kibweta kidogo cha poda ya kushindiliwa kinachokaribia rangi yako, kipakwe kwa brashi ndogo kwenye mkunjo tu. Mikebe ya dola 45 waachieni wapambaji, nao wawahesabie kwenye bei ya harusi.