Mbegu ya ukame: tuhesabu kwanza

Jua likiwaka Kyarumba, swali ni moja: ile mbegu ya GMO inayovumilia ukame itatusaidia?

Watafiti wa NARO waliijaribu Mubuku, humu humu Kasese, kuanzia 2010. Bunge lilipitisha muswada 2017, tena 2018. Rais Museveni hakutia saini. Kwa hiyo haijaruhusiwa kuuzwa Uganda. Anayekuambia sokoni anayo, mkimbie, atakula pesa yako.

Zinazouzwa ni chotara za kawaida zinazovumilia ukame. Ni nzuri, lakini kuvumilia si kuishi bila maji. Mvua ikikataa kabisa, nazo zinakauka. Tena chotara ukiirudisha shambani msimu wa pili, mavuno yanashuka. Kila msimu ni kununua upya. Longe 5 si chotara, mbegu yake unaweza kuweka.

Basi tushauriane nyumbani, baba na mama. Siku ya kuuza mahindi, tutoe kwanza pesa ya mbegu ijayo, kabla ya sabuni na chumvi. Haitoshi? Tupande chotara nusu shamba, nusu Longe 5. Tusikope kwa ajili ya mbegu: mvua ikikosa, deni halikauki.