Fahamu: Kwa nini pua ya mwenye mdomo sungura hupinda, na hunyooshwaje

Mdomo sungura hauishii mdomoni. Mpasuko wa upande mmoja huikata misuli inayozunguka kinywa. Misuli ya upande usio na mpasuko huivuta ncha ya pua kuelekea kwake pamoja na ukuta wa kati wa pua, huku bawa la upande uliopasuka likitandazika kwa kukosa mfupa imara wa kuliegemeza. Ndiyo maana mdomo ukishonwa peke yake, hata kwa ustadi, pua hubaki imepinda.

Mdomo hushonwa mtoto akifikisha takriban miezi 3, akiwa na uzito na damu ya kutosha. Madaktari wengi hutumia nafasi hiyo kuliinua gegedu la pua. Marekebisho ya mwisho husubiri uso ukomae, kati ya miaka 16 na 18, mara nyingi kwa gegedu lililochukuliwa kwenye ukuta wa pua au ubavuni.

Kwa familia ya mbali, kama ya Mlimba mkoani Morogoro, safari ni sehemu ya tiba: hospitali ya CCBRT, inayoshona midomo sungura, iko Dar es Salaam, mwisho wa reli ya TAZARA inayopita Mlimba. Kuchelewa si kukosa. Hata mtu mzima hushonwa, pengine kwa ganzi ya sehemu tu.