Filamu ya Katuni yenye Fumbo kama Zana ya Kufundishia Udadisi

Walimu wengi huiona filamu ya katuni kuwa kitu cha kuwatuliza watoto mwalimu anapokuwa na shughuli nyingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba filamu ya aina moja, yaani ile iliyojengwa juu ya fumbo, yafaa kuhesabiwa miongoni mwa zana halisi za kufundishia. Kazi yake kubwa ni kumzoeza mtoto asimtaje mkosaji kabla ya kuzipima dalili. Katika sehemu tunazofundisha, hilo si jambo dogo, kama nitakavyoeleza.

Fumbo si geni kwetu. Mtoto aliyekulia kijijini amekwisha kutega na kuteguliwa vitendawili, na anajua kwamba aliyeshindwa hana budi kutoa mji. Hata hivyo, jibu la kitendawili hurithiwa. Anayelijua ni yule aliyekwisha kulisikia. Fumbo la hadithi ya upelelezi ni la namna nyingine, kwa maana jibu lake hupatikana kwa kutazama na kufikiri. Waandishi wetu waliliona hilo mapema. Katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, maiti yakutwa penye mzimu, na watu wako tayari kuwasingizia wazimu wa kale. Bwana Msa hakubali. Yeye huuliza, hutazama, hulinganisha maneno ya watu, mpaka mkosaji akajulikana kuwa ni binadamu.

Mwendo huo huo ndio uliotumika katika katuni za Kimarekani za Scooby-Doo, zilizoanza kuonyeshwa mwezi Septemba mwaka 1969. Vijana wanne na mbwa wao hufika mahali panaposemekana kuwa na zimwi au mzuka, na kwa kawaida katika mfululizo ule wa kwanza, mzuka huvuliwa barakoa akaonekana kuwa mtu mwenye tamaa yake. Hapa nchini, mwezi Januari mwaka 2014 televisheni ya taifa ilianza kuonyesha Ubongo Kids, katuni za Kiswahili zilizotengenezwa Dar es Salaam, ambamo watoto hukabili matatizo na kuyatatua kwa hisabati na sayansi. Hizo ni mwanzo mzuri kwa mwalimu, kwa sababu lugha na mazingira yake ni yetu.

Yafaa kuuliza kwa nini katuni, wala si picha ya watu halisi. Sababu ziko tatu. Kwanza, katika picha iliyochorwa hakuna kitu kilichoingia kwa bahati. Miwani iliyo sakafuni imechorwa hapo kwa makusudi, na hivyo mtoto anayechunguza hupata malipo ya uchunguzi wake. Pili, hofu ya katuni ni ndogo. Mtoto huogopa kiasi cha kukaza macho, si kiasi cha kuyafumba. Tatu, filamu husimama pale mwalimu anapotaka, na hurudishwa nyuma ili darasa lithibitishe nani aliona vema.

Nililijaribu jambo hili nilipokuwa nikisimamia mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wetu huko Lalago, wilayani Maswa, katika mkoa wa Simiyu. Tulikuwa na kompyuta, projekta ndogo, betri ya umeme wa jua na shuka jeupe. Tulichagua katuni ya kwanza ya Scooby-Doo, ambayo haifiki nusu saa. Maneno yake ni ya Kiingereza, nami nikawa nayaeleza kwa Kiswahili. Ndani yake profesa mmoja ametoweka, na vazi la chuma la askari wa kale, lililokuwa likipelekwa katika jumba la makumbusho, husemekana kutembea lenyewe mwezi unapokuwa mpevu. Vijana wanaokota miwani, wanaona picha iliyotoweka ukutani, na mwishowe wanagundua kwamba aliyekuwa ndani ya lile vazi ni msimamizi wa jumba lenyewe, aliyekuwa akiiba picha za thamani.

Mkondo wa kwanza wa Darasa la Tano niliwaonyesha filamu yote bila kuikatiza. Walicheka sana. Nilipowauliza walijuaje kwamba msimamizi ndiye mkosaji, walijibu, “Kwa sababu alivuliwa kofia ya chuma.” Kosa lilikuwa langu. Niliwaachia filamu iwafikirie.

Kwa mkondo wa pili nilibadili njia. Niligawa ubao katika safu tatu: Tulichokiona, Tunachokidhani, na Tunachotaka kujua. Nikaisimamisha filamu mara nne, na mara ya mwisho ilikuwa kabla tu ya kofia kuvuliwa. Kila mwanafunzi aliyetaka kusema alipaswa kwanza kutaja safu ambamo maneno yake yangeandikwa. “Vazi linatembea” liliingia katika safu ya kwanza. “Ni shetani” lilipelekwa katika safu ya pili baada ya mabishano makali.

Kisha mvulana mmoja akasimama akasema kwamba mkosaji ni yule msimamizi. Nikamwuliza sababu. Akajibu, “Ni mzee, na macho yake mabaya.” Darasa likaitikia kwa sauti moja. Msichana aliyekaa nyuma akauliza, “Mwalimu, macho yake yanaandikwa safu ipi?” Hakuna aliyemjibu. Akaendelea kwa sauti ndogo, “Bibi yangu naye ana macho mekundu. Ni moshi wa jikoni.”

Msomaji anayeifahamu nchi ya Usukuma ataelewa kwa nini darasa lilinyamaza. Kwa miongo mingi, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na macho mekundu yametajwa kuwa ni alama yao. Lakini mahali ambapo kuni ni adimu, watu hupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, na mwanamke aliyekaa mbele ya moshi huo miaka hamsini hawezi kuwa na macho meupe. Watoto wale wamesikia minong'ono ya namna hiyo nyumbani. Huenda ilikuwa mara yao ya kwanza kuambiwa na mwenzao kwamba sura ya mtu si ushahidi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba yule mvulana alikuwa amepata jibu. Msimamizi ndiye aliyekuwa mkosaji. Hapa mwalimu anaweza kukosea kwa kumpongeza na kuendelea mbele. Katika hisabati hatumpi mwanafunzi alama zote ikiwa jibu ni sahihi na njia ni ya kubahatisha. Na katika fumbo tufanye hivyo hivyo. Tulirudi kwenye safu ya kwanza tukauliza: ni nani aliyeweza kuingia jumbani usiku? Ni nani anayefaidika watu wakiogopa kuingia? Sasa jina la msimamizi likaja tena, safari hii likiwa na sababu. Uso wake ulibaki katika safu ya pili.

Kwa mwalimu atakayependa kujaribu, nashauri mambo yafuatayo:

1. Itazame filamu yote kabla ya kuipeleka darasani. Si kila katuni ya fumbo inafaa. Filamu ya Scooby-Doo ya mwaka 1998, ihusuyo kisiwa cha wafu wanaotembea, huwafanya wafu hao kuwa wa kweli, na hivyo huvunja somo lote.

2. Chagua mapema mahali pa kusimamia, wala usionyeshe mwisho mpaka kila kikundi kimetoa jibu na sababu zake.

3. Mtoto akitaja jambo la nyumbani kwake, mlinde. Usimwulize zaidi mbele ya wenzake, wala usiruhusu jina la jirani yeyote litajwe.

4. Usidharau imani za wazazi. Shikilia swali moja tu: tumeliona, au tunalidhani?

5. Pasipo umeme, chora matukio sita katika karatasi za manila, uyafunue moja baada ya jingine. Safu tatu za ubaoni ndizo zenye kazi kubwa kuliko mtambo.

Elimu ya Kujitegemea, tangu mwaka 1967, ilitutaka tumlee mtoto mwenye akili ya udadisi. Mara nyingi tumeufundisha udadisi kwa maneno tu. Filamu ya dakika ishirini, ikisimamishwa panapofaa, humpa mtoto nafasi ya kuutenda. Nawaomba walimu wenzangu wajaribu njia hii katika shule zao na kutuandikia yale watakayoyakuta, hasa pale darasa litakaponyamaza.