Saa Ikiachwa Kusogezwa, Ibaki Wapi?

Jumapili ya mwisho ya Machi, katika nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza pia, mishale husogezwa mbele kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba hurudishwa nyuma. Mpangilio wa kwanza huitwa saa za kiangazi na wa pili saa za kawaida. Afrika Mashariki, ambako jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima na Waswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko, badiliko hilo huonekana kwa watazamaji wa kandanda tu, pale mechi ya Uingereza waliyoizoea saa kumi na moja jioni inapohamia saa kumi na mbili, ilhali London bado huchezwa saa tisa alasiri.

Mwaka 2018 watu milioni 4.6 walitoa maoni yao kwa Tume ya Ulaya, na asilimia 84 kati yao wakataka utaratibu huo ukomeshwe, ingawa takriban milioni tatu ya majibu hayo yalitoka Ujerumani, nchi iliyouanzisha tarehe 30 Aprili 1916 ili kubana matumizi ya makaa ya mawe wakati wa vita. Tarehe 26 Machi 2019 Bunge la Ulaya liliafiki kwa kura 410 dhidi ya 192 kwamba usogezaji ukome mwaka 2021. Mwaka huo ulipita na saa zikaendelea kusogezwa, kwa sababu kuacha ni jambo jepesi, lakini kila nchi hulazimika kuchagua saa itakayobaki nayo.

Ugumu wa uchaguzi huo unatokana na kwamba eneo moja la saa limetandazwa kutoka Hispania hadi mpaka wa mashariki wa Poland. Saa za kiangazi zikidumu mwaka mzima, mji wa Vigo, magharibi mwa Hispania, utasubiri jua la Desemba hadi kama saa nne asubuhi; zikidumu saa za kawaida, Warsaw itapambazukiwa mwezi Juni saa tisa na robo usiku, wakati wakazi wake wamelala fofofo.

Wataalamu wa usingizi kwa kawaida huegemea saa za kawaida, na hoja yao ndiyo yenye uzito zaidi. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya fahamu ya macho inapopishana, limo fungu dogo la seli linaloendesha saa ya mwili, yaani mzunguko wa kulala na kuamka. Mwanga wa asubuhi huuwahisha mzunguko huo, na mwanga wa jioni huuchelewesha na kuzuia melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Wapenda jioni ndefu, wakiwemo wafanyabiashara wengi, hulisahau giza la asubuhi linaloandamana nazo.

Urusi ilizifanya saa za kiangazi kuwa za kudumu mwaka 2011, ikachoshwa na asubuhi za giza, na Oktoba 2014 ikarudi saa za kawaida. Marekani nayo ilianza jaribio la miaka miwili Januari 1974, wakati wa uhaba wa mafuta, lakini wazazi walilalamika kwamba watoto wanakwenda shule gizani, na kabla mwaka haujaisha sheria ikabadilishwa. Hata hivyo, Machi 2022 Seneti ya nchi hiyohiyo ilipitisha bila kupingwa muswada wa kuzirejesha saa za kiangazi za kudumu, nao ukaishia kukwama katika Baraza la Wawakilishi.