Sungura wa likizo naye anaulizwa karatasi mpakani

SUNGURA mmoja ndani ya kikapu, chini ya kiti cha basi la Kampala, haonekani kuwa jambo la kumnyima mtu usingizi. Hapigi kelele, na uzito wake haufiki mfuko wa unga wa kilo tano. Lakini kwa ofisa wa mifugo aliye Gatuna, huyo ni mnyama hai anayetoka nchi moja kuingia nyingine. Kanuni zinazomhusu ng'ombe hazikuweka kifungu cha kumsamehe sungura kwa sababu ya udogo wake.

Jambo hili linawagusa wakazi wa Batsinda kuliko wanavyodhani. Mtaa huo wa sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, ulipata sura yake ya sasa mwaka 2008, pale familia zilizoondolewa Kiyovu ya chini, katikati ya Kigali, zilipohamishiwa kwenye nyumba mpya zilizojengwa kwa kukaribiana. Ua ni finyu na mbuzi hana pa kuzunguka. Anayefaa hapo ni sungura, njiwa, au dende, yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye Tanzania humwita simbilisi. Watoto huwapa majina, na mnyama akishapewa jina ni shida kumtia chunguni. Likizo ya Desemba ikifika, mama anayefanya biashara Kabale au Goma akaamua kwenda na watoto safari hii, swali la kwanza si la nauli. Ni nani atabaki na sungura.

Wafanyabiashara wa mpakani ndio wanaojaribiwa zaidi kumchukua tu. Njia wanaijua, na utaratibu wa biashara ndogo wanaujua: bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachojazwa palepale. Ni rahisi kufikiri kwamba sungura wa faranga elfu chache atapita mlango huohuo. Hapiti. Cheti kile kinahusu ushuru wa forodha; hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea na wanyama. Mtu anaweza kuwa hadaiwi hata faranga moja ya ushuru na bado akarudishwa kwa kukosa karatasi ya daktari.

Karatasi zenyewe si nyingi, ila zinatoka pande mbili. Nchi anakokwenda mnyama hutoa kibali cha kumwingiza. Kwa Uganda hiyo ni kazi ya Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi. Nchi anakotoka hutoa cheti cha afya baada ya daktari wa mifugo kumwona mnyama. Kwa Rwanda vyeti hivyo vinapitia RICA, mamlaka ya ukaguzi, ushindani na ulinzi wa mlaji. Kibali cha kuingiza hutangulia, kwa sababu ndicho kinachomweleza daktari wa Kigali wenzake wa upande wa pili wanataka kipimo au chanjo gani. Anayeanza na cheti cha afya mara nyingi hurudia safari.

Kuna kejeli kidogo hapa. Tangu 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wanaweza kuvuka mipaka hiyo kwa kitambulisho cha taifa tu. Binadamu amepunguziwa makaratasi. Sungura wake bado. Hata Ulaya, ambako familia huenda likizo na nyumba ndogo za kuvutwa nyuma ya gari na sungura wao wamo, pasi ya pamoja ya Umoja wa Ulaya ni ya mbwa, paka na fereti, mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche. Sungura na panya wa kufugwa hufuata kanuni za kila nchi.

Sababu ya ukali huo wafanyabiashara wa kuku wanaikumbuka. Januari 2017, Uganda ilipothibitisha homa ya mafua ya ndege kandokando ya Ziwa Victoria, Rwanda na Kenya zilifunga milango kwa kuku na mazao yake kutoka huko. Biashara ya watu wengi ilisimama kwa siku moja. Virusi haviulizi kama ndege ni wa kuuzwa au ni njiwa wa mtoto. Ndiyo maana kabla ya kusafiri na ndege yeyote, swali la kwanza kwa ofisi ya mifugo liwe moja: je, kuna zuio lolote wiki hii?

Karatasi zikikamilika, inabaki safari yenyewe, na hapo ndipo wanyama wengi hufia. Sungura hatoi jasho; hupunguza joto kupitia masikio yake, na joto likizidi nyuzi 30 masikio hayatoshi. Sungura wa Batsinda amezoea hewa ya mwinuko wa zaidi ya mita 1,500. Kumshusha hadi Dar es Salaam au Mombasa ndani ya buti la gari ni kumpika. Mahali pake ni ndani, miguuni pa abiria, mbali na jua la dirishani, ndani ya kikapu au sanduku lenye matundu pande zote na nyasi kavu chini. Chupa ya maji baridi iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa kando yake husaidia sana.

Kosa jingine linatokana na nia njema. Wapo wanaomnyima sungura chakula tangu jana yake ili asichafuke njiani, kama wafanyavyo kwa mtoto anayetapika kwenye gari. Sungura hawezi kutapika, na utumbo wake unatakiwa kufanya kazi mfululizo. Akikaa nusu siku bila kula anaweza kuugua na kufa siku mbili baada ya kufika, wakati kila mtu ameshasahau safari. Dende naye mwili wake hautengenezi vitamini C. Pumba peke yake hazimtoshi. Anahitaji majani mabichi kila siku, na majani hayo yakiwa na umande kidogo yanampa maji bila kumwaga bakuli kwenye kila kona ya Kabale. Tena dende hapendi upweke. Wawili husafiri vizuri kuliko mmoja.

Dende ana historia yake katika safari. Watafiti wa mifugo walioandika kuhusu Kivu Kusini wameeleza kwamba katika miaka ya vita familia zilimthamini kwa sababu ni mdogo na hafichuki kirahisi. Ng'ombe waliporwa, dende walibaki chini ya kitanda, au waliondoka na wenyewe. Huyo si mnyama wa kuchekwa.

Basi ni habari nyingine. Uamuzi ni wa kampuni, na pa kuuliza ni dirisha la tiketi Nyabugogo, si mlangoni saa kumi na moja alfajiri.

Yote hayo ni kwa wanyama waliozaliwa mikononi mwa watu. Kwa wale waliotolewa porini hesabu hubadilika kabisa, na ndipo wasafiri waliodhani wamebeba kitu kidogo huharibikiwa. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa katika nyumba ya wageni Naivasha, Kenya, wakiwa na malkia wa chungu wapatao 5,000, ndani ya mirija yenye pamba. Ulaya na Asia wapo watu wanaofuga chungu ndani ya vioo kama wengine wanavyofuga samaki. Vijana wale walisema walikusanya kwa kujifurahisha na hawakujua ni kosa. Tarehe 7 Mei mahakama iliwatoza faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Kama chungu anafikisha mtu mahakamani, kobe wa kwenye kiroba atafikisha upesi zaidi.

Kobe wa nchi kavu na vinyonga wengi wa ukanda huu wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kasuku wa kijivu, anayetoka zaidi misitu ya Kongo, alipandishwa hadi orodha ya juu kuanzia Januari 2017, ambako biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Mfanyabiashara anayepewa kasuku kama zawadi ya watoto upande wa pili wa mpaka amepewa kesi. Na hasimami peke yake: gari alimopatikana ndege linaweza kuzuiliwa kama kielelezo, pamoja na nyanya za watu wengine zilizomo.

Kwa mwenye ndege aliyepatikana kihalali, mlango upo. Mwaka 1997, kwenye mkutano wa CITES mjini Harare, nchi wanachama zilikubaliana juu ya hati ya umiliki kwa wanyama hai wanaovuka mipaka mara kwa mara na wenye nao. Muda wake hauzidi miaka mitatu, mnyama lazima awe na alama ya kudumu, kila kuvuka hugongwa muhuri, na haruhusiwi kuuzwa akiwa nje. Kwa Rwanda pa kuanzia kuuliza ni RDB, Bodi ya Maendeleo, inayosimamia wanyamapori.

Kigali yenyewe imejifunza gharama ya kufuga cha porini. Korongo mwenye taji, umusambi kwa Kinyarwanda, aliwekwa kwa miaka mingi kwenye bustani za hoteli na nyumba za wenye uwezo, huku mabawa yakikatwa ili asiruke. Kuanzia 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na serikali waliwaomba wenye korongo wawaandikishe bila kuadhibiwa. Zaidi ya 200 walitolewa majumbani. Wengi waliachiwa Akagera, na ambao hawataruka tena wanaishi Umusambi Village, viungani mwa mji.

Akagera hiyohiyo ndiyo inayovutia familia zinazokodi gari lenye hema juu ya paa na kulala kambini Mutumba au Muyumbu. Huko sungura haingii, hata kama ana kila cheti: wanyama wa nyumbani hawaruhusiwi hifadhini, wasipeleke magonjwa. Mbwa wanaoonekana mle ni watumishi, wale wa kikosi cha kuzuia ujangili. Mwenye safari ya aina hiyo ampatie jirani sungura wake, na fungu la majani kwa kila siku.

Anayeendelea na safari ya mpakani akumbuke kwamba kurudi nako ni kuvuka. Mnyama aliyetoka Rwanda akirudi anaingia upya, na Gatuna atahitaji kibali cha Rwanda cha kumwingiza na cheti cha afya kilichotolewa Uganda. Cheti cha afya kina siku zake. Likizo ya wiki tatu inaweza kukimaliza cha kwenda kabla watoto hawajaanza kufunga mizigo, na daktari wa mifugo wa Kabale hatafutwi Jumapili jioni shule zikifunguliwa Jumatatu.