Bega lililochanjwa vibaya: nani alipe? (Sehemu ya tatu)

Chanjo ya Ebola iitwayo Ervebo ilipoanza kutolewa Bulape, Kasai, Septemba 2025, swali la mfululizo huu lilirudi hapa Kindu: sindano ikikuachia mkono usioinuka, nani anakulipa? Katika sehemu zilizopita tumekwisha kuieleza sindano inayochomwa juu mno begani, pamoja na kifuko cha kiungo kinachovimba. Leo ni zamu ya sheria.

Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 ilitoka kwa Leopold II, mfalme ambaye hakuikanyaga Kongo hata siku moja. Kifungu chake cha 258 kinamtaka aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake alipe, na cha 260 kinamfanya mwajiri ajibu kwa makosa ya mtumishi wake. Mzizi wake ni sheria ya Napoleon ya 1804. Uone ajabu: miaka michache baadaye watu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira, na kifungu cha 258 kimekaa kitabuni kimya! Ndicho hicho hicho ambacho avoka wako atakifungua leo mbele ya tribinali.

Lakini kinadai uthibitishe kosa, na hapo ndipo wengi hukwama. Muuguzi ana foleni ndefu, wewe umevuta kola ya shati badala ya kulivua, yeye amesimama nawe umeketi. Sindano inaingia juu. Nani atakuwa shahidi?

Wajerumani walilimaliza jambo hili zamani. Mahakama yao kuu iliamua mwaka 1953, na sheria ya 1961 ikathibitisha, kwamba anayedhurika kwa chanjo ya lazima hulipwa na serikali bila kumtafuta mkosaji. Ni haki tupu: mtu aliyetoa mkono wake ili jirani asiugue hapaswi kuachwa peke yake. Marekani kila dozi hukatwa senti 75 kwa kila ugonjwa inaoukinga, ziingie mfuko wa fidia, na tangu 2017 bega limo kwenye orodha ya madhara yanayolipwa, maumivu yakianza ndani ya saa 48.

Kwetu mfuko wa namna hiyo haupo. Ule wa COVAX, mpango wa kimataifa wa chanjo za korona, uliwatazama waliokufa au kulemaa kwa kudumu, na COVAX yenyewe ilimalizika mwisho wa 2023. Kwa hiyo tunza kadi, uandike mkono uliochanjwa na siku maumivu yalipoanza, umwone daktari mapema akuandikie cheti. Nanyi wabunge wa Maniema mlioko Kinshasa, pelekeni pendekezo la mfuko wa fidia ya chanjo katika kikao kijacho.