Azoti iko hewani, nani anaikamata?

Kila tunapofika kwenye mikutano yenu, swali ni moja: «Urea imepanda bei, sasa azoti tutaitoa wapi?» Leo tunaanzia jibu ndani ya mti.

Kule Costa Rica, Amerika ya Kati, kuna mti unaoitwa Cecropia, ndugu wa parasolie yetu inayoota haraka kwenye mashamba yaliyoachwa. Shina lake liko wazi ndani, na sisimizi aina ya Azteca wanajenga humo. Chakula ambacho mti unawapa kina azoti kidogo. Basi wanazaana namna gani? Ndani ya viota kuna vilundo vidogo vya takataka na kuvu, na humo wanaishi bakteria wanaokamata azoti ya hewa. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba azoti hiyo inaweza kusaidia kundi la sisimizi kuongezeka.

Hewa ina azoti karibu 78%, lakini mmea hauwezi kuikamata peke yake. Musilete sisimizi shambani! Kazi kama hiyo inafanyika tayari kwenye mizizi ya maharagi, karanga na soya, na bakteria wanaoitwa rizobia.

Namna ya kuhakikisha: maharagi yakianza kutoa maua, chimbua mimea mitano kwa jembe. Usiivute kwa mkono, juu vinundu vitakatika na kubaki udongoni. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, rizobia wanafanya kazi. Kikiwa cheupe ao cha kijani, hakuna kazi.

Sisi wenyewe, tulipotoka masomoni, tulihesabu mifuko ya mbolea tu. Kumbe hasara kubwa ilikuwa mbele ya macho: mavuno yakiisha, maharagi yanang'olewa na mizizi, yanapigwa nyumbani, kisha majani na maganda yanachomwa. Moshi ule ni azoti yenu. Mukate mashina chini, muache mizizi udongoni, na murudishe majani na maganda shambani. Haitatosha kwa haja yote ya mahindi, kwa sababu azoti mingi inaondoka na mbegu. Lakini inayobaki hamutainunua.

Mkutano ujao, kila mmoja alete mimea yake mitano. Tutapasua vinundu pamoja.